Samaki Mwenye Viwiko

Siasi alipokubali kwenda kuwapikia wachimba mawe kiangazi kile, kijiji kizima kilicheka mpaka watu wakashika mbavu. Mwanamke huyu alikuwa hawezi kulala hata nyumba ya jirani bila kulalamikia mto wa kulalia. Leo eti anapanda helikopta, akakae wiki sita hemani, kaskazini kabisa mwa kisiwa chetu cha nchi za barafu, na wageni wanaolamba mawe. Na ni kweli walikuwa wakiyalamba. Mchimba mawe akiokota kipande asichokitambua hukigusa kwa ncha ya ulimi, kikinata anajua ni mfupa wa mnyama wa kale uliogeuka jiwe.

"Unakimbia nini, Siasi?" wanawake walimuuliza.

"Nakimbia midomo yenu," alisema, akafunga begi lake.

Kila mtu alijua anakimbia nini. Binti yake Miaji alikuwa na mimba ya miezi minane na, kama ilivyo kwetu siku hizi, alikuwa ameshapelekwa kusini kwa ndege kungojea kujifungua hospitalini. Kabla ya kupanda ndege alimwambia mama yake, mbele za watu na bila kumung'unya maneno: "Nataka jina la baba yangu."  Siasi alirudi nyumbani akaosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi tayari, na wiki iliyofuata akaomba kazi ya upishi.

Kwetu jina si kitu cha kumwitia mtu chakula tu. Mtu akifa, jina lake hubaki nje kwenye baridi likingoja mtoto. Mtoto akishapewa, basi yule aliyekufa amerudi, na watu watamwita vile vile walivyokuwa wakimwita zamani, awe wa kiume au wa kike, kwa kuwa majina yetu hayajali hayo. Ndiyo maana Sivuaq, mtoto wa kaka yake Siasi, mwanamume wa miaka arobaini mwenye kitambi na meno mawili ya bandia, aliitwa "Baba" na shangazi yake huyo kila siku ya Mungu. Alikuwa na jina la baba yake Siasi. Naye alimwita "binti yangu", na siku akichokozwa, "binti mjeuri". Alikuwa ameajiriwa kambini kulinda watu dhidi ya dubu, na kwa ubaba wake huo alidai kuandaliwa wa kwanza kila mlo.

Taqtu, mume wa Siasi, alikuwa ametoka nyumbani miaka ishirini na saba nyuma, mwezi ule barafu ya bahari inapoanza kuchezacheza. Alikuwa na pikipiki ya theluji na mkokoteni nyuma yake. Watu walikuta mkokoteni umeinama ukingoni mwa ufa wa maji, chupa ya chai bado imefungwa juu yake. Yeye hawakumwona. Walitafuta siku tisa, kisha barafu ikakatika, wakarudi.

Hapo desturi ilikuwa wazi. Mwanamke wa kwanza kupata mtoto angepewa jina, na Taqtu angekuwa amerudi katikati yetu. Siasi alikataa katakata.

"Hajatoka majini," alisema. "Mtu hajafika nyumbani, ninyi mnagawa jina lake?"

Watu walimwachia, wakidhani ni uchungu, utapoa. Haukupoa. Kila vuli alishona jozi ya viatu vya ngozi ya sili, mnyama wa baharini tunayemwinda, kwa kipimo cha miguu ya Taqtu. Majira ya kuchipua yakifika naye hajaja, alimpa viatu hivyo mwanamume yeyote ambaye vingemtosha. Nusu ya wawindaji wa kijiji wametembelea viatu vya Taqtu. Lakini jina, hapana. Wanawake watatu walimwomba, akawakatalia wote, mmoja wao akiwa mke wa Sivuaq, na nyumba hizo mbili zilikaa vipupwe viwili bila kusalimiana. Mimi nasema alikosea. Nasema pia kwamba nilivivaa viatu hivyo mwaka mmoja, na sijapata kuvaa vingine vyenye mshono kama ule.

Kambi ilikuwa kwenye bonde la mawe mekundu, mahali ambapo hata kunguru hupita bila kutua. Mkuu wa wachimbaji alikuwa mama mmoja mwenye mvi, Merete, aliyekuwa akija kisiwani kila kiangazi kwa miaka kumi na tano. Magoti yake yalikuwa mabovu na lugha yetu aliisema kama mtoto wa miaka minne, bila haya yoyote, ndiyo maana watu walimpenda. Wiki ya nne walipata walichokuwa wakikitafuta, pua ya mnyama imechomoza kwenye jabali. Walichimba pembeni siku nane. Kisha mvua ikaanza, na hema lililokuwa halivuji lilikuwa moja tu, la jikoni.

Siasi alirudi kutoka mtoni na ndoo ya maji akakuta mezani pake, alipokuwa amekusudia kukatia nyama, kumelazwa vipande vya mawe vimepangwa kama mwili wa mtu.

"Merete! Ondoa maiti yako mezani pangu."

"Siku moja tu, Siasi. Nje mvua. Huyu mzee sana, asiloe."

"Mzee kiasi gani?"

Merete alifikiri jinsi ya kulisema. "Miaka milioni mia tatu na sabini na kitu."

"Hicho 'na kitu' ndicho kitakachomuua," alisema Sivuaq kutoka pembeni, alikokuwa akisafisha bunduki na kutafuna mkate wa kukaanga kwa wakati mmoja.

Siasi alitua ndoo akainama. Aliona kichwa bapa chenye macho juu. Aliona magamba, madogo madogo, yamejipanga vizuri kama kwenye samaki aliyevuliwa asubuhi. Nyuma ya kichwa palikuwa na nafasi.

"Mnyama gani huyu?"

"Samaki."

"Mwongo wewe. Samaki gani ana shingo?"

Merete alicheka kwa furaha, akapiga kofi gotini akaumia. "Ndiyo! Ndiyo hiyo! Samaki mwenye shingo. Na mkono."

Huo mkono ulikuwa vipande vitano, na wachimbaji walikuwa wakibishana juu yake tangu jana. Siasi aliutazama kidogo. Akaenda kwenye pipa la nyama, akatoa pezi la mbele la sili ambaye Sivuaq alimpiga juzi, akachukua kisu chake cha nusu mwezi, kile ambacho kila mwanamke wa kwetu hupewa na mama yake, akalipasua mbele ya Merete kwa mikato mitatu. Ngozi ikafunguka kama glavu.

"Mfupa mmoja hapa begani," alisema, akiusukuma kwa kidole. "Hapa kiwiko. Halafu miwili, sambamba. Halafu changarawe hizi za kifundo. Halafu vidole." Akayageukia mawe. "Huyu wako vidole bado hana, kifundo ndiyo kwanza kinaanza. Lakini mmoja upo, miwili ipo. Ila mmemvisha mkono wa kulia upande wa kushoto. Angalia kiwiko chake kinavyopinda, atatembea kinyumenyume maskini."

Akaigeuza ile mifupa kwa mikono yake yenye mafuta, mmoja mmoja, akaipeleka ng'ambo. Ilikaa. Merete alikaa chini kwenye gunia la unga.

"Hiyo tungegombana mwezi," alisema.

"Nimekata sili miaka hamsini na mitano," alisema Siasi. "Sasa niambie. Alikuwa anafanya nini na viwiko?"

Basi siku ile yote ya mvua Merete alimsimulia, huku Siasi akikoroga mchuzi. Kwamba bonde hili wakati huo lilikuwa nchi ya joto, tope na vijito, na miti ya kwanza kwanza bila ndege hata mmoja juu yake. Kwamba majini mlikuwa na samaki wakubwa wenye meno kama vidole, na mdogo alipaswa kutafuta pa kujificha, ndiyo huyu akawa anakaa kwenye maji ya kina kifupi, anajiinua kwa viwiko, anatoa kichwa nje na kuvuta hewa. Alikuwa na mashavu ya samaki ya kupumulia majini na mapafu pia.

"Alitoka siku gani?"

"Hakutoka siku moja. Huyu hakutoka kabisa. Aliinua kichwa tu. Mtoto wake akainua zaidi, na mjukuu wa mjukuu, hivyo hivyo, miaka milioni nyingi, mpaka mmoja akatembea. Sisi tumetoka kwa mmoja kama huyu. Dubu pia. Sili pia, ila sili baadaye alirudi majini."

"Alisahau nini huko?" aliuliza Sivuaq, na wote wakacheka.

Siasi hakucheka sana. Alikuwa ameshika mwiko bila kukoroga. "Huyu wa mezani," alisema. "Alipoinua kichwa mara ya kwanza. Nani alikuwa nchi kavu anamsubiri?"

"Hakuna mtu, Siasi. Hapakuwa na yeyote. Majani tu na wadudu."

Siasi alimhurumia yule samaki, huruma ya kweli. Wenzake walipokwenda kulala alichukua taulo kavu la vyombo akamfunika.

Siku ya tatu simu ya setilaiti ililia saa sita mchana, saa yake ya kila siku ya kupokea habari za hali ya hewa. Haikuwa hali ya hewa. Miaji alikuwa amejifungua salama, mtoto wa kike. Siasi alipiga vigelegele vya kwetu mpaka wachimbaji wakatoka mashimoni wakidhani ni dubu. Sivuaq alijitangaza kuwa babu mkuu, akadai ulimi wa sili.

Kesho yake saa sita Miaji alipiga tena, na sauti yake ilikuwa imekwisha.

"Mama, analia. Tangu jana hajanyamaza. Hanyonyi. Wanamdondoshea maziwa kwa kibomba, anayatema."

"Daktari anasemaje?"

"Wamempima kila kitu. Wanasema mzima, hana homa, hana jeraha. Wametuhudumia vizuri mno. Lakini wao hawajui. Mama, wewe unajua analilia nini."

Siasi alijua. Nani kwetu asiyejua? Mtoto anayelia hivyo, mzima wa afya, analilia jina lake. Wazazi hujaribu moja baada ya jingine, na likipatikana lake hutulia.

"Mpe la mama yangu."

"Nimempa. Nimempa la bibi yake mume wangu. Nimempa la mwalimu wangu. Kila nikitaja anazidi." Miaji alivuta pumzi. "Nimebakiza moja, na hilo siwezi kulichukua kama mwizi. Ni wewe wa kulitoa."

"Hajatoka majini, Miaji."

"Mama, mimi nilikuwa na miaka miwili. Sina hata sura yake kichwani. Wewe una mume unayemshonea viatu. Mimi nina nini?"

Siasi alisema mtandao ni mbaya, hasikii. Mtandao ulikuwa mzuri. Akamrudishia Merete simu, akaenda kusugua sufuria kwa mchanga mpaka vidole vikachubuka. Aliomba helikopta imfuate. Rubani akajibu kuwa ukungu umefunga ghuba yote, labda keshokutwa.

Jioni ile, jua likiwa bado juu, maana huku kiangazi halizami, Merete alimfuata Sivuaq kumuuliza jambo. Huwa wachimbaji hawa wakipata mnyama asiyejulikana wanampa jina, na Merete aliona ni adabu kuwauliza wenye nchi. Sivuaq alimpenda shangazi yake kuliko alivyojua kusema. Tangu mchana alikuwa akimwona akiadhibu sufuria, na akilini mwake, ambamo huwa hamna nafasi kubwa, akapata wazo. Ikiwa jina lile haliwezi kupewa mtoto kwa sababu mwenyewe hajatoka majini, si lipewe huyu, aliyekwisha kuinua kichwa nje ya maji? Litapata pa kukaa, na shangazi atapumua.

"Mwite Taqtu," alisema.

Merete hakujua Taqtu ni nani. Alichukua kalamu nene.

Siasi aliingia na sinia la mikate. Mifupa ilikuwa imeshafungwa tayari kwa safari, imeviringishwa vitambaa vilivyolowekwa plasta, myeupe yote kama maiti iliyokafiniwa. Juu ya kifua, kwa herufi nyeusi, paliandikwa TAQTU.

Sinia lilianguka.

"Nani?" alisema. "Nani kafanya hivi?"

"Mimi, binti yangu," alisema Sivuaq, akisimama. "Nilidhani utafurahi. Amekaa majini, na huyu alikaa..."

"Usiniite binti! Baba yangu hakuwa mjinga! Futa!"

"Shangazi, ni heshima. Dunia nzima itamtaja."

"Itamtaja akiwa kabatini! Jiwe hili linafungwa kwenye sanduku, linapelekwa mji wasiomjua, linawekwa rafu namba fulani. Jiwe halizeeki, jiwe halifi. Ukimtia humo atatoka lini? Lini, Sivuaq?"

Hapo Sivuaq naye akapandwa. Si kawaida yake. "Na wewe umemtia wapi?" alisema. "Miaka ishirini na saba! Mke wangu alikuomba mbele yangu kwa machozi, ukasema hajatoka majini. Atatokaje, na kila mlango akibisha unasema si yeye? Sasa hivi kuna mtoto anasema tangu jana kwamba ni yeye, tena anasema kwa sauti, na wewe unasugua sufuria!"

 Merete alikuwa ameelewa nusu, na nusu ilimtosha. Alikuwa amepiga magoti, hayo magoti mabovu, anaikwangua plasta kwa kisu, herufi baada ya herufi.

Siasi alimtazama akikwangua na akaogopa. Miaka yote alijiona kuwa ndiye mtu pekee aliyebaki ufukweni akimngojea Taqtu, wengine wote wakiwa wameshaenda zao kula. Sasa aliona kwamba Taqtu huenda alikuwa amekuja mara nne, mlango kwa mlango, na aliyemrudisha kwenye baridi kila mara ni mke wake. Alimpenda sana. Ndiyo ilikuwa sababu, na haikumsaidia kitu.

"Merete," alisema. "Nipe simu."

"Betri kidogo sana. Dakika mbili."

"Nipe."

Aliyepokea alikuwa muuguzi, na Merete akazungumza naye haraka kwa lugha yao. Kisha zikasikika hatua, mlango, na halafu, kabla ya Miaji kusema lolote, kilio cha mtoto, kikavu na chembamba, cha mtu aliyekwishachoka kulia lakini hana njia nyingine.

"Miaji. Weka simu sikioni pake."

"Mama..."

"Weka."

Kilio kikawa karibu. Siasi alifungua mdomo na jina halikutoka. Hakuwa amelitamka kwa kumwita mtu tangu siku ile alipolisema kwa sauti juu ya ufa wa maji, mara nyingi mpaka wanaume wakamvuta nyuma.

"Taqtu," alisema.

Mtoto aliendelea kulia.

"Taqtu. Ni mimi Siasi." Sivuaq alimshika bega naye hakumsukuma. "Mume wangu, umekaa nje muda wote huo. Sikuwa nimekukasirikia. Nilidhani nikilitoa jina lako kwa mtu, ndiyo nitakuwa nimesema umekufa, nami sikutaka kuwa mimi wa kulisema. Kosa ni langu. Ingia sasa. Ingia ndani, umelowa."

Simu ilinyamaza.

Siasi aliiondoa sikioni akaitazama, akairudisha. "Imekatika," alisema. "Betri imekwisha. Merete, imekatika!"

"Haijakatika," alisema Merete, akionyesha taa ndogo ya kijani.

Walisikiliza wote watatu, vichwa vimegusana. Mbali sana, kusini huko, palikuwa na kasauti kadogo, ka kufyonza, kanakatika na kuanza tena.

"Mama." Miaji alikuwa analia na kucheka. "Mama, ananyonya. Amenishika kidole na ananyonya."

Siasi alikaa chini palepale, kwenye mikate iliyomwagika, mwanamke wa miaka sitini na sita, akalia mbele za watu bila kujifuta.

"Mwambie mume wangu anywe polepole," alisema. "Atapaliwa. Siku zote ana pupa."